Ndoo Ishirini na Tatu

Kwa maelezo ya Mama Mapacha, moshi ulianza Jumamosi saa saba na robo mchana. Saa hiyo hakuikisia. Aliitazama ukutani, kwa sababu maji hukatwa saa nane na mapipa yake yalikuwa bado matupu. Akatoka, akamwona jirani yake, Fundi wa maabara ya chuo, ameinama nyuma ya nyumba juu ya moto, boksi pembeni. Alikuwa anachomoa madaftari humo moja moja na kuyatia motoni, na kila akitia moja anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Madaftari yalikuwa meusi, yenye majalada magumu, tisa kwa hesabu. Mama Mapacha akamsalimia. Fundi hakuitikia. Hapo ndipo Mama Mapacha alipojua kwamba pana jambo.

Hivyo ndivyo alivyosema Jumatatu kituoni, na hivyo ndivyo alivyorudia Jumatano asubuhi, mikono kiunoni, huku Inspekta amechuchumaa mbele ya duara la majivu, kijiti mkononi, akipekua taratibu.

"Ulikuwa umesimama wapi, mama?"

"Pale bombani."

Inspekta akainua kichwa. Kati ya bomba na majivu palikuwa na ukuta wa matofali unaomfika mtu shingoni, na juu yake zilipita kamba mbili za nguo.

"Ukuta huu ulikuwepo Jumamosi?"

"Upo siku zote! Ndio huo tunaogombania. Amenizibia njia ya bomba, nazunguka na ndoo kichwani kama mgeni kwangu mwenyewe."

"Na ukaona rangi ya majalada kupitia hapo?"

"Moshi ulikuwa mweusi, Afande."

"Nimeuliza majalada."

"Sasa moshi ukiwa mweusi majalada yatakuwa meupe?"

Inspekta akashusha pumzi. "Haya. Tisa uliyahesabuje?"

"Hiyo tisa aliitaja Daktari wake, yule bwana wa chuo, alipokuja Jumapili kuniuliza kama nimeona madaftari. Aliposema tisa tu, nikajua ndiyo hesabu niliyoiona."

"Alikuja Jumapili?"

"Jumapili, nimetoka tu kuwaogesha watoto. Mtu mstaarabu. Aliitikia salamu."

Inspekta akaandika: *Jumapili. Hesabu si yake.* Akarudi kwenye majivu. Kijiti kilikuwa kimenasa kitu. Akavuta, kikatoka kisokoto cha waya mwembamba kilichokunjamana kwa moto. Akapekua tena, akapata cha pili, cha tatu, mpaka kumi na viwili. Akavitia kwenye bahasha. Hakupata hata pembe moja ya jalada gumu, wala kipande cha kitambaa cha mgongo wa daftari.

"Umepata ushahidi?" Mama Mapacha akachungulia.

"Nimepata waya."

"Basi atafungwa?"

Inspekta alifunga bahasha, akasimama, magoti yakalia. "Mama, ukikumbuka kitu ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, nipigie."

*

Mkuu wa kituo alimwaga visokoto vya waya mezani kwake, akavitazama kama mtu aliyeletewa mifupa ya samaki.

"Hivi ndivyo ulivyokwenda kuleta?"

"Afande, Mtafiti, huyo Daktari aliyeripoti wizi wa madaftari yake, ameandika mwenyewe kwenye maelezo yake: madaftari tisa, jalada gumu jeusi, yameshonwa kwa uzi. Kilichoungua pale ni madaftari ya waya. Ya shule."

"Labda alichoma yote pamoja."

"Jalada gumu huacha pembe."

"Labda alichochea moto vizuri likaungua lote." Mkuu alirudisha waya kwenye bahasha. "Sikiliza. Chuo kimenipigia simu mara nne tangu jana. Wana mtafiti mkubwa, kazi yake ya miaka imeteketea, na kuna mwanamke ameonekana akichoma madaftari. Leo saa kumi jioni nataka faili hapa. Likiwa limekamilika naandika apelekwe mahakamani kesho. Kama unataka atoke, nipe sababu inayoandikika. Waya hauandikiki."

Fundi alikuwa chumba cha mahojiano tangu asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, vidole vina alama za matope zisizotoka hata kwa sabuni. Viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa kaunta, pamoja na mkanda, kama desturi. Alikaa miguu mitupu, nyayo zimebanana.

"Ulichoma nini Jumamosi, dada?"

"Nimeshasema. Madaftari ya shule ya binti yangu. Amemaliza mtihani. Mende walihamia humo, wana mpaka wajukuu."

"Kwenye boksi la chuo?"

"Boksi la chupa za maabara. Tupu. Nilitaka kutilia nguo. Nimelisaini getini, nenda ukaangalie."

"Nitaangalia. Funguo za kabati la madaftari ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Daktari."

"Kufuli halikuvunjwa."

"Basi ni mimi au ni yeye. Na mimi najua si mimi."

"Ana makala thelathini na nane. Jina lako halimo hata kwenye moja. Hukukasirika?"

"Mwaka wa kwanza nilikasirika. Huu wa kumi na moja, Afande. Mtu anaota sugu."

"Sugu nayo huuma ikikanyagwa."

Fundi alimtazama mara moja, akaangalia ukuta. "Tangu jana nimeulizwa swali hilo na watu watatu. Ningekuwa na jibu jingine ningewauzia."

Inspekta aligeuza ukurasa. Alikuwa anazunguka, na alijua anazunguka. "Nieleze kazi yako. Yaani unaamka, unafanya nini."

"Saa kumi na mbili asubuhi naingia kinamasini. Kuna ndoo zimefukiwa ardhini, midomo iko sawa na udongo. Chura akipita usiku, anadumbukia. Mimi naangalia ndoo zote ishirini na tatu, namtoa chura, nampima, namwandika, namwachia aende zake. Nikimaliza daftari, naliweka kabatini. Mwaka wa sita huu."

"Na Daktari?"

"Daktari anaandika makala."

"Haji huko?"

"Alikuja siku tuliyozifukia. Tulipiga picha. Alivaa viatu vyeupe."

"Na baada ya hapo?"

"Viatu vyeupe, Afande. Kinamasini." Kwa mara ya kwanza Fundi alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likakatika. "Mama yangu ana shinikizo la damu. Kazi hii ikienda, hata dawa zimekwenda. Nisaidie jambo moja: usirudi kuniuliza kama nimekasirika. Niulize kitu kingine."

 Inspekta alifunga daftari lake na kutoka.

*

Getini chuoni, mlinzi alimfungulia kitabu kwa heshima zote. Jumamosi, saa sita na nusu, kwa mwandiko wa Fundi: *boksi moja tupu*. Mbele yake sahihi ya mlinzi aliyelifungua na kulitazama.

"Aliyesaini ni wewe?"

"Ni mimi. Lilikuwa tupu. Hata nilimtania, nikamwambia dada unahamisha hewa."

"Mbona hukuja kusema kituoni?"

"Hakuna aliyeniita."

Inspekta aliuma kalamu. "Nionyeshe Jumapili."

Ukurasa wa Jumapili ulikuwa na majina mawili, la fundi bomba na la mwanafunzi aliyesahau mwavuli.

"Daktari wa vyura hakuingia siku hiyo?"

"Magari ya wakubwa hatuandiki, Afande."

"Sijauliza kama mnaandika. Aliingia?"

Mlinzi alitazama kitabu, akatazama barabara, akarudi kwenye kitabu. "Mimi nafuata hiki. Asiyekuwemo hayumo."

"Kwa hiyo mwenye boksi tupu ameandikwa, na mwenye gari lenye buti hajulikani."

"Ndio utaratibu," alisema mlinzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba yaishe.

Idara ya viumbe hai ilikuwa ghorofa ya pili. Ukumbi mrefu, sakafu inang'aa maji. Inspekta alikuwa amepiga hatua tatu alipopigiwa kelele.

"Wewe! Pabichi hapo!"

Akageuka haraka, mguu wa kushoto ukagonga ndoo. Maji yakamwingia kiatuni mpaka kwenye soksi. Bibi mmoja mfupi, dekio mkononi, alikuja akiburuza kandambili.

"Nimesema pabichi, sasa pamekuwa bwawa. Polisi hamna macho?"

"Samahani, Bibi."

"Samahani haikaushi sakafu." Aliisogeza ndoo yake ya njano ukutani. Ubavuni ilikuwa na namba saba ya rangi nyekundu, iliyopauka. "Pita. Pita kwa vidole, usinichafulie tena."

Inspekta alipita kwa vidole, kiatu kimoja kikilia kwa maji kila hatua.

Chumba cha Mtafiti kilikuwa na zulia. Ukutani palining'inia picha yake kinamasini, viatu vyeupe kama meno, na chini ya picha ile mchoro wa mstari uliopanda kutoka kushoto kwenda kulia, umetiwa fremu.

"Huo mstari ni nini?" aliuliza Inspekta.

"Nukuu zangu, mwaka kwa mwaka." Mtafiti alikuwa na sauti laini ya mtu aliyezoea kusubiriwa. "Nina makala thelathini na nane. Nimenukuliwa mara mia tisa na sitini. Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Maana yake dunia inanijua."

"Naam. Na kabati liko wapi?"

Lilikuwa kona ya maabara, la chuma, kufuli zima. Rafu ya juu ilikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi pembe nne safi mahali madaftari yalipokuwa yamekaa. Inspekta alipiga picha. Zilionyesha kwamba madaftari yalikuwepo na sasa hayapo, jambo ambalo kila mtu alilijua tangu Jumatatu.

"Mara ya mwisho kuyaona ni lini, Daktari?"

"Ijumaa. Jumatatu saa mbili asubuhi nikafungua, patupu. Nikaja kwenu moja kwa moja. Afande, sitaki kumwonea mtu. Lakini yule dada amekuwa na kinyongo. Anadhani kuokota vyura ni sawa na kuandika sayansi."

"Na wewe uliwahi kuyasoma hayo madaftari?"

"Makala imetokana na hayo madaftari." Akatazama saa. "Umesoma mpaka wapi, kama si vibaya kuuliza?"

"Mpaka nilipoishia," alisema Inspekta. "Maktaba ni upande gani?"

*

Mkutubi alikuwa mzee mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa kiatu. Alichapa orodha yote ya makala za Mtafiti, kurasa nne, akazipanga mezani kama karata. Inspekta alizitazama. Lugha ilikuwa ya kigeni, na ile kidogo aliyoijua haikumtosha kuvuka hata kichwa cha makala ya kwanza. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Mzee, nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni. Nukuu ni nini?"

"Ukiandika ripoti yako ukasema 'kama alivyoona Koplo fulani', umemnukuu Koplo. Wengi wakimtaja, Koplo anahesabika ana uzito. Anapandishwa cheo kwa hizo."

"Hata wakimtaja kwa ubaya?"

Mkutubi alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Swali hilo hata wao hawaniulizi. Ndiyo. Mashine haisikii sauti ya mtu. Inahesabu tu."

"Basi nihesabie wewe, kwa kusikia sauti."

Ilichukua saa nzima. Mkutubi alifungua makala moja baada ya nyingine kwenye kompyuta iliyokuwa ikigoma kila dakika ya tano. Ikigoma anaipiga kofi ubavuni, inaendelea. Nyingi hazikuwa na neno. Makala ndogondogo, zilizotajwa mara sita, mara kumi na moja, na waliozitaja walikuwa walewale.

"Hawa wawili wanamtaja yeye, naye anawataja wao," alisema Mkutubi. "Wanabebana mgongoni kwa zamu. Na hapa amejitaja mwenyewe. Hapa tena. Hapa tena. Huyu bwana anajipigia makofi mpaka mikono imevimba."

"Ni kosa?"

"Si kosa. Ni aibu tu, na aibu haina kipimo."

Inspekta alipangusa uso kwa kiganja. Aibu nayo haiandikiki. "Iliyotajwa sana ni ipi?"

"Hii. *Kupungua kwa vyura wa kinamasi.* Mia nne na kumi na mbili peke yake. Karibu nusu ya jina lake lote limelala hapa." Mkutubi aliifungua, akasogeza kichwa karibu na kioo. "Loo. Hili halikuwepo mwezi jana."

"Nini?"

"Jarida limeweka tahadhari juu ya makala." Alisoma polepole, akitafsiri kwa kidole. "Wanasema watafiti wa mbali wameshindwa kupata matokeo kama yake. Hao hao nao wamo kwenye ile hesabu ya mia nne. Wamemnukuu kusema hivi: 'Tulimwomba mwandishi kumbukumbu zake za kazi mara tatu. Hatukujibiwa.' Sasa jarida linamtaka ayapeleke madaftari yenyewe ndani ya siku kumi na nne. Vinginevyo makala inaondolewa."

"Tahadhari ya tarehe gani?"

"Alhamisi iliyopita."

Alhamisi tahadhari, Jumatatu ripoti ya wizi. Inspekta alivuta kiti.

"Ikiondolewa?"

"Mia nne na kumi na mbili zinaanguka nayo, kama nguo kamba ikikatika. Na maombi yake ya uprofesa yako mezani mwezi huu."

"Na kama madaftari yameibwa, akawapelekea ripoti ya polisi?"

Mkutubi aliinua mabega. "Hapo wangemwonea huruma. Mtu aliyeibiwa hadaiwi."

Inspekta aliandika yote, akayasoma tena, akaona jinsi Mkuu atakavyoyasoma. Mtafiti alikuwa na sababu ya kuyapoteza madaftari. Fundi naye alikuwa na sababu ya kuyachoma. Sababu mbili, funguo mbili, na mtu mmoja tu aliyeandikwa getini. Alitupa kalamu mezani kwa nguvu iliyomfanya Mkutubi aitazame kama imevunjika.

"Nichapie makala yenyewe, Mzee."

"Utaisoma?"

"Nitaitazama."

Maneno yalimpita. Lakini ukurasa wa tano ulikuwa na jedwali, na tarakimu hazina lugha. Safu zilikwenda kulia zikiwa na namba juu: moja, mbili, tatu. Chini ya kila namba mistari mitatu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Hizi namba za juu ni za nini?"

"Ndoo. Kila safu ndoo yake. Chini ni vyura waliokamatwa."

Inspekta alihesabu safu kwa ncha ya kalamu. Akarudia. Akafungua daftari lake, akarudi nyuma mpaka asubuhi, kwenye maneno ya Fundi. *Ndoo zote ishirini na tatu.*

"Mzee, hesabu na wewe."

Mkutubi alihesabu. "Ishirini na nne."

"Kuna safu tupu yoyote? Hata sifuri moja?"

"Hakuna. Zote zimejaa vyura."

Inspekta alipiga simu kituoni amuulize Fundi. Koplo wa kaunta alijibu kwamba mshitakiwa yuko na wakili wa msaada, na Mkuu amesema asisumbuliwe mpaka saa kumi.

"Si mshitakiwa bado," alisema Inspekta.

"Faili limeshapata namba, Afande."

Akakata simu. Saa tisa kasoro robo. Ndoo moja ilikuwa imezidi, na hakujua ni ipi, na anayejua amefungiwa mlango. Labda Fundi alikosea hesabu. Labda moja ilipasuka mwaka jana tu. Alikunja makala, akasimama, na kiatu cha kushoto kikalia, kikatoa maji kwenye zulia la maktaba.

Mkutubi akatazama lile doa. Inspekta naye akalitazama. Halafu akafunua tena ukurasa wa tano, akaweka kidole juu ya safu ya saba.

Mwaka wa kwanza themanini na nne. Wa pili sabini. Wa tatu hamsini na saba.

Alipanda ngazi za idara mbili mbili. Bibi alikuwa mwisho wa ukumbi, anakamua dekio.

"Pabi—"

"Najua, Bibi. Ndoo hii umeipata wapi?"

"Mnanishitaki kwa ndoo sasa? Nimeikuta hapa. Mwaka wa tano huu nadekia nayo."

"Aliiweka nani?"

"Yule dada wa vyura. Nilimwuliza mwenyewe, nisije nikaambiwa mwizi. Akasema tumia tu, hii ilikataa kukaa ardhini. Walichimba, siku ya tatu mvua ikanyesha, maji ya chini yakaisukuma nje kama kizibo. Wakairudisha, ikatoka tena. Akaiacha, akaileta huku."

"Siku ya tatu tangu zifukiwe?"

"Ndivyo alivyosema. Muulize yeye."

"Nitamuuliza. Bibi, naiomba hii ndoo. Na wewe uje nayo kituoni, uweke sahihi."

Bibi aliukumbatia mpini wa dekio. "Nina ngazi mbili bado sijazigusa."

"Nitakurudishia leo hii."

"Polisi wakichukua kitu huwa kinarudi?"

 Inspekta alimwaga maji chooni, akaishika ndoo mwenyewe.

*

Saa kumi kasoro dakika kumi wakili alitoka, na Inspekta akaingia kabla mlango haujafungwa. Hakukaa.

"Ndoo ya saba."

Fundi aliinua uso. "Ile iliyokataa kukaa? Imefanyaje?"

"Daktari anajua kwamba mliitoa?"

"Nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Kila ukurasa unatoka sita unaingia nane, sikutaka kubadili namba zikachanganyika. Akisoma ataona."

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Kukuambia nini? Kwamba ndoo ilielea?" Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hizo makala zake sijawahi kuziona hata moja, Afande. Kwani ameandikaje?"

Ofisini kwa Mkuu, Mtafiti alikuwa ameshakaa, mguu juu ya mguu, amekuja kusaini maelezo ya mwisho. Faili lilikuwa wazi mezani na kalamu ya Mkuu ilikuwa juu yake. Inspekta aliiacha ndoo nje ya mlango.

"Maswali machache, Afande, kabla hujaandika."

"Machache," alisema Mkuu.

"Daktari, uligundua lini kwamba madaftari hayapo?"

"Jumatatu, saa mbili asubuhi. Imo kwenye maelezo."

"Jumapili ulikwenda kwa jirani yake Fundi, ukamuuliza kama ameona madaftari tisa."

Mtafiti alishusha mguu. "Yule mama? Yule anasema chochote."

"Kweli, anasema chochote. Ila ndiye shahidi wako pekee."

Mkuu alikohoa. Kalamu haikusogea. Inspekta alimwekea Mtafiti makala mbele, imefunuliwa ukurasa wa tano.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ndoo ngapi?"

"Ishirini na nne. Nilizihesabu mwenyewe siku tulipozifukia."

"Na zote zilikamata vyura?"

"Kila ndoo, miaka yote mitatu. Ndiyo nguvu ya makala hii. Ndiyo maana inanukuliwa."

"Nisomee ya saba, tafadhali. Mkuu asikie."

Mtafiti alisoma kwa sauti yake laini. "Themanini na nne. Sabini. Hamsini na saba."

"Jumla mia mbili na kumi na mmoja," alisema Inspekta. Akafungua mlango, akaleta ndoo ya njano, akaiweka katikati ya meza. Ilikuwa bado na unyevu. Duara la maji likachora kwenye faili. Namba nyekundu ilikuwa upande wa Mtafiti. Juu ya faili Inspekta aliweka karatasi mbili, maelezo ya Bibi na maelezo ya Fundi, kila moja na sahihi yake. "Hii ilitolewa ardhini siku ya tatu. Haikurudi. Imo ghorofani kwako, mlangoni kwako, inapiga deki zulia lako likiondolewa. Na madaftari yaliyokuwa yanasema hivyo, ukurasa kwa ukurasa, ndiyo hayo yaliyopotea siku nne baada ya jarida kuyataka."

Mkuu alivuta karatasi, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Akatazama lile duara la maji kwenye faili lake. Halafu akafunika kalamu kwa kifuniko chake, taratibu, mpaka ikalia.

"Koplo," aliita bila kugeuka. "Mrudishie yule dada viatu vyake."

Nje palisikika droo ikivutwa. 

"Daktari," alisema Inspekta, "naomba uniambie hawa vyura mia mbili na kumi na mmoja waliingiaje kwenye ndoo ya deki."

 Mlangoni Bibi alikuwa amesimama na dekio lake, anasubiri chombo chake.

"Naomba, Daktari."

Mtafiti aliinamisha shingo, akatazama ndani ya ndoo, kama mtu anayetumaini kumkuta angalau mmoja.